Msiba Hauna Kadi

Mgeni hakupitia mlango wa mbele. Alikuja kwa nyuma, kwenye uchochoro ambako mafundi wa kampuni ya Kiganja walianika ngozi za simu, akainama chini ya kamba, akatokea katikati ya karakana akiwa na kikapu mkononi na koti zito la baridi ya Makete, ingawa pale Uyole jua lilikuwa limekwisha kupanda.

"Kamweneni," alisema.

Hakuna aliyeitikia upesi. Tangu asubuhi karakana nzima ilikuwa imezubaa. Mafundi walikuwa wameshika simu zao wenyewe, wakizibinya migongo, wakizitikisa, wakizibinya tena. Atuganile Mwakalobo, binti aliyezibuni simu hizo akiwa bado chuoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka adabu.

"Kamwene, mama. Shikamoo. Karibu, pita uketi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa ndipo zinapozaliwa simu za mkono. Ya kwangu imekufa."

"Zote zimekufa, mama," alidakia Lusajo, mshirika wa Atuganile, ambaye alikuwa amelala chali juu ya meza ya kazi, miguu ikining'inia. "Ya kwangu, ya mkuu wa mkoa, zote. Umefika msibani."

Mwanamke yule alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Msibani watu hawalali juu ya meza, kijana."

Mafundi wakacheka, mara ya kwanza siku ile. Lusajo akateremka haraka, akafuta kiti kwa mkono wa shati lake, akamwekea.

"Hazijaharibika, mama," Atuganile alimweleza. "Zimefungwa. Kuna kampuni kubwa inaitwa Orvani, inadai kwamba wazo hili ni la kwao. Wameshtaki. Baraza la Hataza limeagiza mitandao yote isibebe mikono mpaka kesi iishe."

"Kwa hiyo mkono wa mwanangu umezuiwa na baraza."

"Ndiyo, mama."

"Baraza linamjua mwanangu?"

Atuganile alikuwa amejiuliza swali kama hilo tangu alfajiri, kwa maneno marefu zaidi.

Kila simu ya Kiganja ilikuwa na kioo upande mmoja na ngozi upande wa pili. Ndani ya ngozi mlijaa vifuko vidogo kuliko punje za ulezi, na ndani ya vifuko mlikuwa na majimaji yanayokakamaa umeme ukipita. Ukiifumbata simu yako, vifuko vinapima vidole vyako vimekaa wapi na vinabana kwa nguvu kiasi gani, na simu ya mwenzako, popote alipo, inajiumba vivyo hivyo. Unaushika mkono wake, naye anaushika wako. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi makampuni makubwa yalikuwa yameshindana kupunguza unene na kuongeza kamera, hadi simu zote zikafanana kama karata. Kiganja ilipotoka, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, watu waliicheka. Kisha mmoja akamshika mkono mama yake aliye mbali, akaacha kicheko, na kesho yake akaja na ndugu zake wanne kununua.

"Naomba niione hiyo yako," Atuganile alisema. "Huenda ina tatizo lake."

Mama yule akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa kwa kitenge, akafungua fundo taratibu. Simu aliyoitoa haikuwa na rangi ya kiwandani. Ngozi yake ilikuwa ya manjano, kingo zake zimekatwa kwa mkasi, na kwenye pembe moja kulikuwa na gundi iliyomwagika ikagandia hapo.

Atuganile aliijua gundi ile. Aliimwaga mwenyewe.

"Atu," Lusajo alisema pole pole. "Si ile uliyoigawa wodini?"

"Sikuigawa. Niliiazimisha."

"Ulimwazimisha mtu anayeondoka na gari la wagonjwa. Mama, miaka mitatu hii ninamtania dada huyu kwa ajili ya simu hiyo."

"Basi mtanie kwa adabu," mama yule alisema. "Mtu aliyeazimishwa ni mume wangu."

Jina lake lilikuwa Orada Sanga. Mumewe, Mzee Obadia, alikuwa amelazwa kitanda cha jirani na mama yake Atuganile. Mtoto wao mmoja, Agrey, alikuwa fundi wa vioo vya jua kwenye Kituo cha Tatu, kule juu, ambako chombo cha kurudisha watu duniani kilishuka mara mbili tu kwa mwaka. Mzee alikuwa akimwita usiku na mchana. Atuganile, ambaye wakati huo alikuwa na simu moja tu ya majaribio, hakuweza kuwa na kitu kama kile mfukoni huku mtu anamwita mwanawe. Alishinda wodini akiiunganisha na glavu za Agrey, zile mafundi wa angani wanazovaa kuendeshea mashine nje ya kituo. Jioni, kabla Orada hajafika kutoka Makete, baba na mwana walishikana mikono. Aliporudi baada ya siku chache, kitanda kilikuwa kitupu. Mzee ameruhusiwa akafie nyumbani, muuguzi alisema. Atuganile hakuwa na moyo wa kwenda kudai simu.

"Nilijua ni ya watu," Orada alisema. "Kila mara nilisema nitairudisha. Halafu inafika Jumapili, Agrey anataka kuzungumza, nasema wiki ijayo. Nisamehe."

"Usiombe msamaha, mama. Mzee aliitumia?"

"Hakuiachia. Na alipofariki ndiyo iliyotufaa zaidi. Mwana hayupo, wewe unajua. Watu wanakuja kutoa pole, wanauliza, kijana yuko wapi, tumpe mkono? Nikaiweka simu mezani karibu na daftari la rambirambi. Anayekuja ananipa mkono mimi, anampa mkono Agrey. Agrey huko aliko alikaa na glavu zake toka asubuhi hadi jioni. Watu walimaliza foleni nzima."

Lusajo alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mama," Atuganile aliuliza. "Msiba ulikuwa lini?"

"Mwezi wa sita, mwaka ule ule. Tulikuwa tunavuna viazi."

*

Walimwachia Orada chai na mihogo, wakatoka nyuma, wakasimama kati ya ngozi zilizoanikwa.

"Unajua maana yake," Atuganile alisema.

"Ninajua. Ndiyo sababu sisemi."

Hataza, ile haki ya pekee ya kutengeneza kitu, hupewa kitu kipya tu. Kikishatumika mbele ya watu kabla ya kuombewa, hakuna awezaye kukifungia tena, hata aliyekibuni mwenyewe. Orvani waliomba hataza yao mwezi wa saba wa mwaka ule. Kiganja, waliokuwa bado wanasahihisha michoro, waliomba mwezi wa nane. Mwezi mmoja ule ndio uliokuwa unawanyonga. Na sasa, mbele ya Orvani na mbele ya Kiganja, ulisimama mwezi wa sita, na foleni ya watu wa Makete wakimpa pole kijana aliye angani.

"Ushahidi huu unawaangusha Orvani," Lusajo alisema. "Halafu unatuangusha sisi. Kesho yake kila mwenye kiwanda duniani anatengeneza simu ya mkono na hatuwezi kumwambia kitu."

"Na kila mwenye mtu wa mbali anamshika."

"Wangemshika pia kwa mapatano!"

Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Juma lile Orvani walikuwa wameleta mapatano. Kiganja ikubali kushindwa; Orvani wajenge kiwanda Uyole, waajiri mafundi wote, Atuganile awe mkuu wa ubunifu. Simu zingewaka siku hiyo hiyo. Ila mkono ungelipiwa kwa dakika, na anayechelewa kulipa ungemwachia katikati ya maongezi. Na chini kabisa, kabla ya mahali pa kutia sahihi, palikuwa na kiapo: natamka kwamba sifahamu matumizi yoyote ya hadharani yaliyotangulia maombi haya.

"Jana ningeweza kukiapa kiapo kile," Atuganile alisema. "Nilidhani simu ilishikwa na mgonjwa mmoja, chini ya blanketi. Leo nitaapa vipi, Lusajo? Shahidi mwenyewe yumo mle ndani anakula mihogo yetu."

"Si angekuja Jumatatu! Tungekuwa tumesaini Ijumaa, hatujui lolote, tuna kiwanda." Lusajo aliivuta ngozi moja kwenye kamba akaiachia ikabembea. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba, Atu. Sikwambii ili ukubali uongo. Nakwambia ili usidhani mimi ni mtu mbaya nikinuna."

"Nuna. Nitakungoja."

Alinuna kweli. Alizunguka uchochoro mara kadhaa, akapiga teke ndoo, akaomba radhi kwa fundi aliyekuwa anafulia ndani yake. Aliporudi alikuwa amenyoosha uso.

"Ngozi bado ni yetu," alisema.

Atuganile alikuwa ameifikiria pia. Kiganja ilikuwa na hataza ya pili, ya ngozi mpya, ile nyeupe isiyochakaa, waliyoibuni mwaka uliofuata. Orvani hawakuwa wameigusa kwenye kesi. Wazo la kushikana mikono likiwa la watu wote, bado kila kiwanda kingehitaji ngozi nzuri, na ngozi nzuri ingetoka Uyole. Mafundi wangebaki. Isingekuwa kiwanda cha mapatano, lakini mtoto wa Lusajo asingelala njaa.

"Kwa hiyo tunasema?" Atuganile aliuliza.

"Tunasema. Mungu anisaidie, nimeshirikiana na mtu mwenye huruma. Mama yangu alinionya."

Orada aliwasikiliza hadi mwisho. Alipoelewa kwamba anatakiwa Dodoma, mbele ya baraza, na simu ile mkononi, alikichezea kitambaa chake.

"Nitakuja," alisema. "Kusema kweli si kazi ngumu. Lakini nina ombi moja. Isifunguliwe."

"Simu?"

"Nipe kidole chako. Hiki, gumba. Weka hapa."

Ngozi za kwanza zilikuwa na kasoro iliyowasumbua sana: zikibanwa kwa nguvu mahali pamoja, kwa muda mrefu, zilibaki na kovu. Kidole cha Atuganile kilizama kwenye shimo laini, pana, lililolala upande kidogo. Lilikuwa kubwa kuliko kidole chake.

"Ni chake," Orada alisema. "Majuma yale ya mwisho hakuiachia, nilikwambia. Picha zake ninazo, koti lake ninalo. Lakini hapa ndipo alipobana."

Atuganile aliondoa kidole taratibu. Alijua jinsi ngozi ile ilivyo. Ukiitoboa popote, majimaji hukimbia na yote hunywea, kama puto.

"Nakuahidi, mama. Itarudi nyumbani kama ilivyo."

*

Ukumbi wa Baraza la Hataza, Dodoma, ulijaa kuliko ilivyotarajiwa. Watu walikuja na simu zao zilizokufa, wakazishika mapajani kama watu waliokuja kuonyesha wagonjwa kwa daktari. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mheshimiwa Nyamizi Lugendo, mwanamke mzito, mwenye miwani ya kamba na tabia ya kuandika bila kuangalia karatasi. Upande wa Orvani alisimama wakili wao, Bwana Verhoek, aliyetoka makao makuu ya kampuni. Alisema kwa lugha yake, na kifaa kidogo kifuani kilimtafsiria kwa Kiswahili safi, kisicho na haraka.

Atuganile alisema kwa ufupi. Aliomba hataza ya Orvani ifutwe, na ya Kiganja ifutwe pamoja nayo, kwa sababu kitu hiki kilikwisha kutumiwa mbele ya watu. Ukumbi ukaguna. Bwana Verhoek akapepesa macho; hakuwa amejiandaa kwa mtu anayeomba ashindwe.

Lakini alijiandaa upesi. Orada alipomaliza kusimulia, wakili aliinuka na kumwinamia kwa heshima.

"Mama Sanga, pole kwa kufiwa. Ningependa kuelewa. Haya yalifanyika nyumbani kwako?"

"Nyumbani kwangu, ndiyo. Uani."

"Nyumba ya mtu binafsi. Familia iliyo na huzuni. Nadhani kila mtu hapa atakubali kwamba hakuna jambo la faragha zaidi kuliko mazishi. Uliwaalika watu wangapi?"

Orada akamtazama mwenyekiti, kama mtu anayeuliza kama swali ni la mzaha.

"Kualika?"

"Wageni wako. Ulialika wangapi?"

"Baba, msiba hauna kadi. Harusi ndiyo ina kadi. Msiba mtu anasikia, anakuja."

Kicheko kidogo kilipita nyuma ya ukumbi. Mwenyekiti alinyanyua kalamu, kikatulia.

"Naelewa," alisema Bwana Verhoek. "Lakini walikuwa ndugu, majirani. Watu mnaojuana."

"Wengine ninawajua. Wengine nitawajuaje? Kulikuwa na watu wa basi."

"Basi gani?"

"Basi la kwenda Njombe. Lilipasua tairi pale chini ya kwetu. Abiria wakaona turubai, wakasikia watu wanaimba, wakapanda kutoa pole. Ungewafukuza? Tukawapa chai. Kiazi kilikuwa kingi."

Mwenyekiti aliacha kuandika. "Mama, hao abiria waliushika mkono wa kijana wako kwenye simu?"

"Wote, mheshimiwa. Walipanga foleni na wenzao. Yule utingo wa basi akashika, akaondoka, akarudi kushika tena. Akauliza, mama, hii inauzwa wapi? Nikamwambia baba wee, niache kwanza nizike."

Safari hii hata kalamu haikuwanyamazisha watu. Mwenyekiti mwenyewe alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu bila sababu. Kutoka Kituo cha Tatu, kupitia kioo kikubwa cha ukumbi, Agrey aliulizwa maswali machache. Alikuwa kijana mwenye mashavu ya baba yake, nywele zikielea. Alisema aliishika mikono mingi siku ile hadi akaacha kuhesabu, kwamba wengine walikuwa na mikono ya baridi na mmoja alikuwa na sugu za mtu anayeshika usukani. Kumbukumbu za glavu zake zilikuwepo, na tarehe ya siku ile.

"Bwana Verhoek," mwenyekiti alisema, "umewahi kwenda msibani nchi hii?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Nenda siku moja. Utakaribishwa."

Mashahidi wakatolewa nje kama kanuni zilivyotaka. Orada aliondoka akiwa ameacha simu yake mezani mbele ya baraza, juu ya kitenge chake kilichokunjwa.

*

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Matumizi yale yalikuwa ya hadharani. Hataza ya Orvani imefutwa. Hataza ya Kiganja ya kitu hicho hicho imefutwa. Zuio limeondolewa, na mitandao ibebe mikono tangu sasa.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha mzee mmoja mstari wa tatu akashtuka, akaitazama simu yake kama iliyomng'ata, akaikumbatia kifuani. Msichana aliyekaa ubavuni akapiga yowe la furaha, akajiziba mdomo. Ikaenea. Mtu hapa, mtu pale, mkono baada ya mkono ukirudi mahali pake. Karani wa baraza naye akaingiza mkono mfukoni akadhani haonekani, akabaki anatabasamu peke yake. Atuganile aliketi kwenye kiti chake akahisi mabega yanashuka, yanazidi kushuka, kana kwamba mtu alikuwa amemtundika kwa wiki nzima na sasa anamteremsha.

"Tumeshindwa vizuri," Lusajo alimnong'oneza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijawahi kushindwa vizuri hivi."

Bwana Verhoek alisubiri kelele ziishe. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa, tunaheshimu uamuzi. Tunaomba ufuatwe hadi mwisho. Kama simu ile ilionekana na watu wote, basi na ngozi yake ilionekana. Kiganja ina hataza ya pili, ya ngozi. Nayo ianguke hapo hapo."

Atuganile akainuka kabla hajajua anainuka. "Si ngozi hiyo, mheshimiwa. Ile ni ya kwanza, ya manjano. Tuliyoombea hataza ni nyingine kabisa, ilikuja mwaka uliofuata. Hata kwa macho utaona. Ile ya kwanza inabaki na kovu ikibanwa. Lipo pale."

"Kovu linaweza kuwa la uzee," alisema Bwana Verhoek. "Na rangi pia."

Mwenyekiti aliigeuza simu mikononi mwake. Alifanya hivyo kwa uangalifu, Atuganile aliona. "Binti, mimi nakuamini kwa moyo, lakini siwezi kuandika moyo kwenye uamuzi. Na wewe ndiye mwenye hataza. Neno lako peke yake halitoshi. Maabara ya baraza iko ghorofa ya chini. Wakate kipande cha ngozi hii, waangalie vifuko. Ikiwa ni tofauti kama usemavyo, hataza yako inabaki. Ni kazi ya saa moja."

"Nzuri sana," Lusajo alisema kwa nguvu. "Wakate." Kisha akamwona Atuganile usoni. "Atu?"

"Ikikatwa inanywea yote, mheshimiwa," Atuganile alisema. "Haitengenezeki tena."

"Ni simu yako, si ndiyo? Uliiazimisha tu."

"Ni yangu. Lakini nilimwahidi mama Sanga kwamba itarudi kama ilivyo."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Yuko hapo nje. Ninaweza kuahirisha kidogo, ukamwombe akufungulie ahadi yako."

Lusajo alikuwa tayari nusu amesimama. Atuganile alimshika mkono wa shati. Alimwona Orada akilini, amekaa kwenye benchi la nje na kikapu chake, akiambiwa kwamba ajira ya mafundi wote inategemea neno lake. Angesema nini? Mwanamke aliyewapa chai abiria wa basi siku ya kumzika mumewe.

"Hapana, mheshimiwa. Nikimwuliza atakubali."

"Si ndiyo unachotaka?"

"Atakubali kwa sababu ni mtu wa kukubali. Hataweza kuninyima nikiwa nimesimama mbele yake. Kwa hiyo sitasimama mbele yake."

Lusajo aliketi. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akabaki hivyo, na Atuganile hakujua kama analia au anamlaani. Alipoiondoa mikono, alipumua kwa nguvu.

"Kaa chini basi," alisema. "Umeshasema."

"Unakataa kukata," mwenyekiti alisema, akiandika.

"Ninakataa."

"Basi sina la kupambanulia ngozi hii na ile. Hataza ya pili nayo inafutwa." Alifunga jalada. Kisha akaifunika simu kwa kitenge, akakifunga fundo, akainuka kutoka kwenye kiti chake kirefu na kuja kumkabidhi Atuganile mwenyewe, kwa mikono miwili.

Mlangoni Bwana Verhoek aliwapisha watangulie. Alizima kifaa cha kifuani, akajaribu mwenyewe: "Poleni." Alilitamka vibaya. Lusajo akampa mkono.

*

Orada alikuwa nje kwenye benchi, amezungukwa na watu asiowajua waliokuwa wanamwonyesha simu zao zinazobana. Mmoja alikuwa amemnunulia soda. Alipowaona alisimama.

"Wanasema mmeshinda. Mbona nyuso hizo?"

"Tumeshinda na tumeshindwa, mama," Lusajo alisema. "Tumeshinda ya watu wote, tumeshindwa ya kwetu. Ngozi imekwenda. Kuanzia leo yeyote anaweza kuitengeneza, hata wale."

"Imekwendaje? Si mlisema hiyo haina ugomvi?"

Lusajo akamtazama Atuganile, Atuganile akatazama chini. Lakini Orada alikuwa amelea mtoto, alijua kungoja. Mwishowe Lusajo akamwambia yote, maabara, kisu, saa moja.

Orada akapokea kitenge, akafungua fundo, akapitisha gumba lake juu ya ngozi ya manjano hadi lilipopata mahali pake, likazama.

"Mngenifuata hapa," alisema. "Nilikuwa hatua chache tu. Ningewaambia mkate."

"Najua, mama," Atuganile alisema. "Ndiyo maana sikuja."

Orada alimkazia macho kwa muda, kama mtu anayetafuta neno la kumgombeza nalo mtoto na hapati. Ngozi ikajaa ghafla mkononi mwake. Vidole visivyoonekana vikamfumbata, na gumba lake likabaki pale pale lilipokuwa.

"Agrey anauliza kama mmekula," alisema, akipangusa pua kwa mkono mwingine. "Hasemi, lakini namjua. Haya, twendeni mkale."